Nani Azime Tanuru?

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 18 Novemba 1971, jaji Sam Pointer wa mahakama ya shirikisho mjini Birmingham, jimbo la Alabama nchini Marekani, alitia saini zuio la muda lililovibana viwanda 23 vya mji huo visitishe moshi wao mara moja. Hakuna kiwanda kilichokuwa kimetiwa hatiani. Hapakuwa na kesi ya miezi kadhaa wala rufaa. Mawakili wa serikali walileta vipimo vya hewa na maelezo ya hatari iliyokuwa ikiwakabili wakazi, jaji akayapima, akaamua kabla hakujapambazuka.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali ya Marekani kutumia mamlaka ya dharura yaliyomo katika Sheria ya Hewa Safi, ambayo Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 31 Desemba 1970. Hata Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo, EPA, lililopeleka shauri mahakamani, lilikuwa halijatimiza mwaka mmoja tangu lianze kazi. Baadaye nchi nyingi zimejiwekea mamlaka ya namna hii, kila moja kwa mtindo wake. Kinachosumbua ni kilekile popote: serikali inapata wapi haki ya kumwamuru mwenye kiwanda aliyelipia leseni azime tanuru lake leo hii, na ni nini kinachoizuia haki hiyo isigeuke ubabe? Jibu linapatikana kwa kuuliza maswali manne: nani anapima, nani anatia saini, nani anabeba gharama, na dharura hasa ni ipi.

Moshi uliokosa pa kwenda

Birmingham ulikuwa mji wa chuma, ulioenea bondeni katikati ya safu za vilima. Kwa kawaida hewa ya karibu na ardhi huwa na joto kuliko ya juu. Hupanda na kuondoka na moshi. Lakini katika usiku mrefu wenye utulivu ardhi hupoa haraka, hewa inayoigusa hupoa pia, na juu yake hukaa tabaka la hewa yenye joto zaidi. Hapo moshi hubaki chini kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Viwanda havihitaji kuongeza hata gunia moja la makaa ili hali iwe mbaya. Kazi ileile ya jana, chini ya anga iliyoziba, huwa sumu leo.

Katikati ya Novemba 1971 ndivyo ilivyokuwa. Vipimo vilifika mikrogramu 771 za chembechembe kwa kila mita moja ya ujazo, wakati kiwango cha taifa cha saa 24 kilikuwa 260. Idara ya afya ya kaunti ya Jefferson iliviomba viwanda vikubwa vipunguze moshi kwa asilimia 60. Baadhi vilikubali, vingine vikasuasua. Kaunti haikuwa na meno ya kuvilazimisha, na kiongozi wa eneo linaloishi kwa mshahara wa chuma hafungi viwanda vya chuma kirahisi. Suala likapanda ngazi hadi EPA, na kutoka hapo hadi mezani kwa jaji.

Siku iliyofuata zuio, mvua ilinyesha, hewa ikafunguka, na amri ikaondolewa. Wapinzani wakasema mji uliokolewa na mvua, sheria haikufanya lolote. Hoja hiyo ina uzito mpaka mtu akumbuke Donora, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Mwishoni mwa Oktoba 1948 moshi ulinaswa bondeni hapo kwa siku tano. Kiwanda cha zinki cha kampuni tanzu ya U.S. Steel, kampuni ambayo pia ilikuwa miongoni mwa wenye viwanda wa Birmingham, kiliendelea kuwaka hadi asubuhi ya siku ya mwisho, saa chache kabla ya mvua. Watu 20 walikufa, na maelfu katika mji wa wakazi wapatao 14,000 wakaugua. Donora pia mvua ilikuja. Ilikuja imechelewa, na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kutenda kabla yake.

London ilipata funzo hilo kwa bei kubwa zaidi. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulifunika jiji. Hesabu ya awali ilitaja vifo 4,000, na uchunguzi wa baadaye ukakadiria kuwa huenda vilifika 12,000. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956, karibu miaka minne baada ya msiba. Kutunga sheria ni kazi ya miaka, na pumzi ya mzee mwenye pumu hukatika kwa saa. Ndiyo sababu ya kuwa na mamlaka ya dharura: kuziba pengo kati ya mwendo wa bunge na mwendo wa mapafu.

Nani anapima

Kilichoiwezesha Birmingham kutenda usiku mmoja kilikuwa kimeandikwa miezi mitatu kabla. Agosti 1971 EPA ilichapisha mwongozo wenye ngazi tatu za hatari. Kwa chembechembe, tahadhari ilianza kwenye mikrogramu 375, onyo kwenye 625 na dharura kwenye 875. Kila ngazi ilikuwa na orodha ya hatua za kuchukuliwa, kuanzia kupiga marufuku uchomaji wa taka hadi kupunguza uzalishaji viwandani.

Faida ya jedwali kama hilo huonekana likikosekana. Bila namba iliyokubaliwa mapema, mjadala wa siku ya moshi huwa mjadala wa macho: huyu anasema ni ukungu tu, yule anasema anakohoa. Mwenye kiwanda ataleta mtaalamu wake, serikali ya mtaa italeta wake, na jua litazama wakiwa bado wanabishana. Namba iliyotangazwa kabla ya mtu yeyote kujua itamwangukia nani inamlinda mwananchi. Inamlinda mwenye kiwanda pia, kwa sababu ofisa mwenye chuki naye hawezi kuzua dharura siku anayotaka.

Hata hivyo, namba haina maana bila chombo cha kuipima. Hapa Afrika Mashariki ina jambo la kujivunia. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, na vimefungwa katika miji kadhaa ya Afrika. Kipima cha namna hiyo hakina nguvu ya kufunga kiwanda. Kinampa mwenye nguvu sababu ya kutenda, na kinamnyima kisingizio cha kusema hakujua.

Nani anatia saini

Kifungu cha 303 cha Sheria ya Hewa Safi ya Marekani kinastahili kusomwa taratibu. Kinamtaka mkuu wa EPA awe na ushahidi kwamba chanzo fulani cha uchafuzi kinaleta hatari kubwa iliyo karibu kwa afya ya watu, ustawi wao au mazingira. Njia ya kwanza ni kwenda mahakamani. Mahakama isipoweza kutoa kinga kwa haraka, mkuu huyo anaweza kutoa amri mwenyewe, baada ya kushauriana na jimbo na wenyeji, na amri hiyo ina mwisho. Mwanzoni uhai wake ulihesabiwa kwa saa. Tangu mabadiliko ya mwaka 1990 unaweza kufika siku 60.

Kifungu hicho hakiulizi kama kiwanda kimevunja masharti ya leseni. Kinauliza kama watu wamo hatarini. Kiwanda kinachotimiza kila sharti kinaweza kusimamishwa ikiwa hali ya anga, ajali au mkusanyiko wa viwanda jirani umeigeuza kazi halali kuwa tishio. Jicho la sheria limehamia kutoka kwenye hatia hadi kwenye hatari. Nguvu ya kifungu imo humo, na sababu ya kukitilia mashaka imo humo pia. Kwa hiyo kimewekewa breki tatu: ushahidi, mahakama na muda.

Delhi inaonyesha sura nyingine. Baada ya moshi mzito wa Novemba 2016, Mahakama ya Juu ya India iliidhinisha mpango wa hatua zinazopanda ngazi, uliotangazwa rasmi na serikali Januari 2017. Leo unasimamiwa na tume maalumu ya hewa ya jiji hilo na majimbo jirani. Ngazi ni nne, kwa kufuata kipimo cha ubora wa hewa: ya kwanza huanza kipimo kikizidi 200, ya pili kikizidi 300, ya tatu kikizidi 400, na ya nne kikipita 450. Katika ngazi ya juu malori yasiyobeba mahitaji ya lazima huzuiwa kuingia, ujenzi husimama, na wanafunzi huweza kurudishwa nyumbani wasome kwa mtandao.

Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri kuliko wa Birmingham, maana unaruhusu kutenda kwa kufuata utabiri, kabla hewa haijaharibika. Lakini Novemba 2024 kipimo kilivuka 400 na siku zikapita kabla ngazi ya tatu haijaanza kutumika. Tarehe 18 mwezi huo majaji wa Mahakama ya Juu walihoji kuchelewa huko, kisha wakazuia ngazi ya nne isiondolewe bila ruhusa yao. Namba ilikuwepo, orodha ilikuwepo, tume ilikuwepo. Kilichokosekana ni mkono uliokuwa tayari kutia saini asubuhi ileile, ukijua kwamba kufikia jioni simu za wakandarasi, wenye malori na wanasiasa zitaanza kulia. Amri isiyo na jina la mtu anayewajibika kuitoa kwa saa maalumu hubaki pendekezo.

Nani anabeba gharama

Kusimamisha ujenzi Delhi kunapunguza vumbi. Kunamsimamisha pia saidia fundi anayelipwa kwa siku, ambaye chakula cha jioni hutegemea zege alilobeba asubuhi. Mwenye jengo atachelewa kumaliza ghorofa lake, hasara ambayo benki inaweza kuisubiri. Kibarua hana benki ya namna hiyo. Na mara nyingi ni yeye huyohuyo anayelala katika chumba kisichozuia moshi, na kusafiri kwa miguu au baiskeli pembezoni mwa barabara yenye magari mengi zaidi. Anadhurika hewa ikichafuka, kisha anadhurika tena hewa ikisafishwa.

Mwaka 2024 mahakama iliziagiza serikali za eneo hilo zilipe posho wafanyakazi wa ujenzi waliosimamishwa, kutoka katika mfuko unaochangiwa na tozo ya ujenzi wenyewe. Wazo hilo lina busara: kila jengo linapoanza linaweka akiba kwa ajili ya siku litakapoamriwa kusimama. Udhaifu ulionekana katika utekelezaji. Walionufaika ni walioandikishwa, na kibarua wa leo hapa kesho kule mara nyingi hayumo daftarini. Majaji walilazimika kuzibana serikali hizo tena ili fedha zitoke.

Paris ilikuwa na jambo rahisi zaidi la kufidia. Tarehe 17 Machi 2014, kwa mara ya kwanza tangu 1997, magari yaliruhusiwa barabarani kwa zamu kufuatana na namba ya mwisho ya kibao: siku hiyo ilikuwa zamu ya namba witiri. Usafiri wa umma ulikuwa bure. Aliyenyang'anywa gari lake kwa siku moja alipewa treni. Katika mji wenye reli za kutosha amri na fidia vinaweza kutoka pamoja. Katika mji ambao daladala au matatu chakavu ndiyo usafiri wa umma, na ndiyo pia sehemu ya moshi, kuiga amri hiyo bila kuiga reli ni kuwaadhibu abiria.

Kanuni inayotokana na mifano hii haina utata. Sheria ya dharura inayotaja atakayefungiwa bila kutaja atakayelipwa imeandikwa nusu. Tena itachelewa kutumika, kwa sababu kiongozi mwenye huruma au mwenye kuogopa kura atasita kila mara atakapowafikiria vibarua.

Dharura isiyo na siku

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote, na kesi mbili za karibuni za Marekani zinalionyesha vizuri.

Ya kwanza ni ya kisiwa cha St. Croix, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Limetree Bay kilifunguliwa upya Februari 2021 baada ya miaka mingi ya kufungwa. Katika wiki zilizofuata ajali zilijirudia. Matone ya mafuta yalirushwa hewani, yakaangukia mapaa ya nyumba. Wakazi wengi wa kisiwa hicho hukinga maji ya mvua kutoka paani na kuyahifadhi katika matangi ya chini kwa ajili ya kunywa na kupikia. Msomaji wa Lamu au Unguja anayelijua birika la mvua hahitaji kuelezwa maana yake. Tarehe 14 Mei 2021 EPA ilikiamuru kiwanda kisimame kwa siku 60. Julai kampuni iliomba kinga ya kufilisika. Hapa hatari ilikuwa na tarehe, ilikuwa na harufu, na ilionekana kwenye bati. Kifungu cha 303 kilifanya kile kilichotungwa kukifanya.

Ya pili ni ya LaPlace, jimbo la Louisiana. Kiwanda cha kampuni ya Denka kilitengeneza mpira wa neoprini kwa kutumia kemikali iitwayo kloropreni, ambayo EPA iliitaja mwaka 2010 kuwa huenda inasababisha saratani. Jirani yake palikuwa na nyumba za watu na shule ya msingi. Februari 2023 serikali ilikwenda mahakamani kwa kifungu kilekile cha dharura, ikidai kwamba kuvuta hewa hiyo mwaka baada ya mwaka, hasa kwa watoto, ni hatari isiyoweza kusubiri. Kampuni ikajibu kwamba imeshapunguza sana kloropreni inayotoka. Kama moshi umepungua, ikauliza, dharura imetoka wapi?

Kila upande ulikuwa na mantiki yake. Saratani haina alfajiri ya Donora. Haiji siku ya tano ya ukungu. Lakini mtoto wa darasa la kwanza akimaliza shule akiwa amekwisha kuvuta sehemu kubwa ya kiasi cha sumu ambacho mtu hatakiwi kukizidi maisha yake yote, kungojea kanuni mpya kwa miaka kumi ni sawa na kuamua kwamba yeye hatalindwa. Mahakama haikupata nafasi ya kukata shauri. Machi 2025 serikali mpya iliiondoa kesi hiyo, na Mei kampuni ikatangaza kusimamisha uzalishaji, ikitaja gharama.

Mwisho huo unafundisha kitu kuhusu udhaifu wa mamlaka ya dharura. Yamo mikononi mwa serikali iliyopo madarakani. Serikali ikibadilika, hatari ileile, katika namba zileile, inaweza kuacha kuitwa hatari. Anayeugua polepole anahitaji mlango ambao ufunguo wake hautunzwi na mwanasiasa.

Mlango wa Mombasa

Mlango huo Kenya inao. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa au kutishiwa, na haimlazimishi aonyeshe kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Ukilinganisha na kifungu cha 303, ibara hiyo ni pana zaidi pande mbili: mwananchi haiombi serikali imfungulie kesi, na hangoji mgonjwa wa kwanza.

Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, unaonyesha kwamba upana wa katiba hautoshi. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri chakavu za magari kilifanya kazi ukutani mwa makazi hayo kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Risasi iliingia katika damu za watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliongoza wakazi kudai haki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua tuzo hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kutoka moshi wa kwanza hadi neno la mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kinafunguliwa alikuwa karibu kupata kitambulisho.

Tanzania nayo imeandika haki ya mazingira safi, salama na yenye afya katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007. Kenya ilitunga kanuni zake za hewa mwaka 2014. Haki zimeandikwa na viwango vimeandikwa. Kinachohitaji kukazwa ni kiungo kati yake: kipimo fulani kikifikiwa, ofisa fulani, kabla ya saa fulani, atoe amri fulani, na wanaosimamishwa kazi walipwe kutoka mfuko fulani.

Ipo pia mipaka ambayo hakuna amri inayoweza kuivuka. Moshi mwingi unaoua Afrika Mashariki unatoka jikoni, kwenye kuni na mkaa, na hakuna jaji atakayeamka usiku kuzima jiko la mama anayechemsha uji. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unakusudia kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo. Kazi hiyo inafanywa kwa bei ya gesi, umeme wa uhakika na mikopo ya majiko, na haiwezi kufanywa kwa zuio.

Kwa hiyo mamlaka ya dharura yapewe kazi yake na yasizidishiwe. Yananunua saa na siku. Hayasafishi hewa ya mji kwa miaka. Yakitumika vizuri yanaacha nyuma yake deni ambalo sheria ya kawaida lazima ililipe, yaani kuichunguza upya leseni ya kila chanzo kilichosimamishwa: moshi kiasi gani, umbali gani kutoka shule, chujio la namna gani. Bunge linaweza kuliandika deni hilo kwa sentensi moja, kwamba chanzo kikisimamishwa kwa dharura, leseni yake haihuishwi mpaka ipitiwe upya hadharani. Bila sentensi hiyo amri ya pili itafuata ya kwanza, na ya tatu ya pili. Amri ya dharura inayotolewa mara ya pili dhidi ya tanuru lilelile haishughuliki tena na dharura. Inathibitisha kwamba mtu fulani ofisini aliruhusu kwa muhuri kitu ambacho hakikupaswa kuruhusiwa, na kwamba hajaulizwa.